Mkungu wa Ndizi Kwenye Kiti cha Nyakundi

Bado naikumbuka Jumapili ile, mwanangu, pale Nyanchwa nyumbani kwa kina Nyakundi, nikiwa nimekaa kwenye usukani wa gari lisiloenda popote.

Gari lenyewe ni hili unalolitazama kwa uchu. Nililinunua kuukuu kwa Mhindi mmoja mwenye duka mjini Kisii: dogo, milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia. Nami kijana wa mashamba ya chai Nyamira nikajiona mfalme! Lakini barabara zetu za changarawe zililimaliza, kila shimo nikilisikia mgongoni. Nyakundi, rafiki yangu aliyezoea spana tangu utotoni, akasema tulifumue chini lote: springi, shoki, na zile raba za maungio ambazo mafundi huziita bushi. Alikuwa amepata kazi ng'ambo. Tukaahidiana kwamba kabla hajaondoka tutalipeleka Keroka, sisi wawili, tunywe chai na kurudi.

Ijumaa jua lilizama tukiwa karibu kumaliza. Mama yake akatokea mlangoni. "Sabato imeingia. Wekeni hizo vyuma chini." Mimi Mkatoliki nikanung'unika, lakini tuliviweka. Jumamosi tulikula, tukazunguka kilimani tukicheka upuuzi, nami nikiwaza gari tu.

Jumapili asubuhi binamu yake akaja mbio: safari imesogezwa hadi leo, gari la Nairobi linakuja kumchukua. Nikamwambia Nyakundi twende hata Mosocho hapo karibu, hivyo hivyo.

"Na bolti nimekaza na vidole? Unataka kutuua?"

Bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba watu wake. Ukizikaza likining'inia, raba hujipinda na kuchanika upesi. Basi tukalipandisha, magurudumu yote juu ya mawe ya kujengea, ili apate pa kuingia. Mimi nikashika usukani. Kwenye kiti chake akaweka mkungu mzima wa ndizi wa mama yake, na gunia la mahindi juu yake.

"Hiyo ndio uzito yangu," akasema. "Sasa kaa, usitikisike."

Nikakaa. Sauti yake ilipanda kupitia sakafuni, mara akiimba wimbo wa kanisani, mara akinitukana kwa unene wangu. Uso wake sikuuona. Alipotoka, mafuta kifuani, honi ilikuwa ikilia langoni. Tukashikana mikono, akaenda. Hakurudi, mwanangu. Alifia huko huko.

Gari lilitulia barabarani kama alivyosema. Nilikwenda Keroka peke yangu, nikaagiza chai, nikashindwa kuimaliza. Hadi leo nikikata kona hugeuza uso kushoto, nimwambie kitu. Namkumbuka sana rafiki yangu, sitakuficha.

Sasa unaniambia bushi zimekwisha tena, utazibadilisha peke yako ukitazama simu. Na rafiki yako Onchari anakwenda Qatar mwezi ujao. Eti akifika utamtumia video! Usinichekeshe. Mwite kesho. Msifanye haraka, mchafuke, mbishane, mama yako awaletee chai hapo hapo chini. Mimi nilidhani tunamaliza kazi ili tupate muda wa kuwa pamoja, kumbe muda wenyewe ulikuwa ule. Na mkifika kwenye kukaza, ingia chini wewe, Onchari akae kitini mwenyewe. Ndizi zibaki jikoni.

Mungu amlinde huko aendako, amrudishe mzima, na siku atakayorudi akukute bado unacho kiti chake.