Usiweke Rehani Paa Linalokufunika

Mjukuu wangu, siku niliyosimama mbele ya bodi ya ardhi haijawahi kunitoka kichwani. Ilikuwa miaka ya tisini, nguvu bado ninazo, mdomo pia. Nilishona sare za shule katika chumba cha kupanga pale Majengo, Meru, na hakuna fundi aliyenishinda kukata kola. Nasema bila aibu. Ukienda shule za Kaaga asubuhi, watoto waliokuwa wanakimbilia kengele walivaa kazi ya mkono wangu.

Basi nikataka kujipanua: vyerehani vya umeme, vitambaa vya kununua kwa marobota. Nikaenda benki. Kijana wa mikopo akaniuliza, "Mama, payslip iko wapi?"

Nikamwonyesha vidole vilivyochomwa na sindano. "Mimi ndiye bosi na mimi ndiye mfanyakazi. Sasa nani ataniandikia karatasi ya mshahara?"

Akacheka, akasema basi nilete hati ya shamba, lile lenye nyumba yetu. Nyumba ya mawe hiyo, tuliyoijenga kidogo kidogo, tukahamia hata kabla ya kuweka madirisha.

Babu yako hakupenda. "Mama Kendi, hatuna nyumba nyingine," akasema. Nikamwambia aache uoga, Januari ikifika nitalipa mpaka benki wachoke kuhesabu. Akanyamaza. Hati ilikuwa na jina lake, kwa hivyo ilibidi twende wawili mbele ya bodi inayoidhinisha shamba kuwekwa rehani, tukubali kwa vinywa vyetu, majirani wakisikia.

Ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, ambako bodi ilikaa, ilijaa watu hadi nje. Nilivaa leso mpya nikasimama wima. Mmoja wa wazee wa bodi alikuwa jirani yetu, mkulima wa kahawa aliyenijua tangu nilipoolewa. Akaniuliza, "Mama Kendi, benki wanataka pesa yao lini?"

"Kila mwezi."

"Na watu wananunua sare lini?"

"Shule zikifunguliwa. Januari zaidi."

"Mwezi wa saba unashona nini?"

"Viraka," nikasema. Watu wakaangua kicheko, hata D.O. mwenyewe. Mzee hakucheka.

"Mwari," akaniita, vile anavyomwita binti yake, "benki hawapokei viraka. Mwezi huo watoto watalala wapi?"

Nikageuka kumtazama babu yako. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameogopa, na bado alikuwa tayari kutia sahihi, kwa ajili yangu tu. Nikasema tutarudi siku nyingine.

Yule mzee nilimchukia, nisikudanganye. Nilikuwa nikimwona njiani navuka upande wa pili. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nikaenda kwake kumwuliza, haya, sasa nifanye nini? Akasema tukate shamba. Upande wa chini wenye migomba upate hati yake, nyumba ibaki na yake, na benki wapelekewe migomba. Mambo ya mpimaji na ofisi za ardhi yalituchosha kweli, na mkopo ukatoka mdogo kuliko nilivyotaka. Nikaupokea nikinung'unika.

Mwanzoni nililipa vizuri. Kisha riba ikapanda bila mtu kuniuliza, na shule moja kubwa ikahamia kwa muuzaji wa Nairobi. Gari likisimama barabarani naruka, nikidhani ni dalali wa mnada. Mwishowe tukaenda benki wenyewe kabla hawajatufuata, tukaomba ruhusa ya kuuza ule upande wa chini tumalize deni. Wakakubali. Siku mnunuzi alipoanza kufyeka migomba yangu, nilisimama jikoni nikalia kama mtoto. Lakini nililia jikoni kwangu, mwanangu.

Kwa hivyo wewe unayejiajiri, nisikilize. Kwanza pitisha pesa zako benki mwaka mzima, hata zile kidogo, wazoee kuona kazi yako ndipo waulize nyumba yako. Jaribu chama chako cha akiba, wenzako wakudhamini. Na ukishikwa kabisa mpaka utoe ardhi, toa kile unachoweza kukililia kisha ukaendelea kuishi. Hesabu ile miezi mibaya. Ile mizuri inajilipa yenyewe. Ukiona mwenzako wa nyumba amenyamaza, usiseme amekubali. Mwulize tena. Na riba ikikushinda, nenda benki ungali na la kuwaambia. Usijifiche.

Mungu abariki mikono yako, akuletee wateja hata wakati shule zimefungwa, na mvua ikinyesha ikukute ndani na watoto wako, chini ya bati ambalo hakuna mtu wa kuja kulidai.