Mraba Ambao Sikuutazama

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa viatu nilivyovaa. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi. Nilivinunua ng'ambo mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa nasomea nyota.

Kazi yetu kule ilikuwa kutafuta gesi ya haidrojeni katika nafasi iliyo kati ya galaksi zinazopakana, yale makundi makubwa ya nyota. Gesi hiyo haionekani kwa macho. Hutoa mawimbi hafifu ya redio, nasi tuliyategea kwa sahani kubwa ya chuma iliyoelekezwa juu. Anga tuliligawa miraba kwenye karatasi. Tukiusikiliza mraba tukakosa gesi, tuliandika sifuri. Ambao hatukuusikiliza tuliuacha mtupu.

Wiki moja mtambo uliharibika. Nikaona haya kupeleka karatasi yenye pengo, nikaandika sifuri kwenye mraba ambao sikuufikia. Mwalimu wangu, mzee mpole, aligundua.

"Hapa hukukuta kitu, au hukutazama?" aliniuliza. "Ukiandika sifuri, hakuna atakayerudi hapo tena."

Nilimwomba radhi kwa mdomo tu. Moyoni nilisema, mraba mmoja, katika anga lote hili!

Mwaka uliofuata nikaja likizo kwetu Bagamoyo. Sikumaliza wiki, Mjomba Sefu, aliyekuwa akikata boriti mikokoni, hakurudi nyumbani. Asubuhi tukagawana vijito, kila mtu na chake. Binamu yangu Shabani akanitazama miguuni, akacheka.

"Msomi, matope yetu hayana zulia. Vua hivyo viatu!"

"Angalia njia yako wewe," nikamjibu.

Nilifika nusu ya kijito. Mbele matope yalikuwa ya magotini. Nikaita mara mbili, "Mjomba! Mjomba Sefu!" Kimya. Nikageuka.

Mke wa mjomba, Bi Zuhura, alikuwa amesimama barazani.

"Umefika hadi mwisho, baba?"

"Nimefika, Bi Zuhura. Hakuna mtu."

Kwa neno langu hilo, watu wote wakahamia kaskazini, njia ya Saadani. Siku ya tatu wakata kuni walimkuta mjomba amekwisha kufa, mwishoni mwa kijito changu, kwenye mwinuko mkavu ambao maji hayafiki. Gogo lilikuwa limemvunja mguu. Alikuwa ameufunga kwa shuka yake, mafundo mawili, vizuri kabisa. Mtu aliyekufa papo hapo hafungi mafundo, mwanangu.

Bi Zuhura hakunipigia kelele. Baada ya hitima aliniuliza tena, mbele ya watu, kwa sauti ileile:

"Ulifika mwisho?"

"Sikufika, Bi. Nilihurumia viatu."

Akasema, "Ungeniambia hivyo siku ile, ningekwenda mwenyewe."

Shabani aliinamisha kichwa. Hajanitania tena tangu hapo.

Nilirudi kwenye ile sahani ya chuma, na karatasi zangu zikawa na miraba mitupu mingi. Baadhi yake walikuja wengine wakaisikiliza. Kijito kile hakikupata mtu wa kukirudia kwa wakati, kwa sababu nilikwisha kukiandikia sifuri.

Basi ukitumwa kutafuta, iwe gesi huko mbali au mtu matopeni, sema ulipoishia. Usione haya kusema, "Huko sikufika." Anayesubiri jibu lako ana miguu yake, na huenda ana mapenzi zaidi kuliko wewe.

Mungu akupe nguvu za kufika mwisho, na siku usipofika, akupe ulimi wa kusema hivyo mapema. Na mimi anisamehe kile kijito. Amin.