Chokaa Juu ya Chumba cha Mama

Mama aliteremshwa kutoka Matombo baada ya kupata kiharusi, nikamlaza kwangu Kihonda ili awe karibu na hospitali. Kule mlimani alizoea kujifunika blanketi. Kwangu paa ni bati tupu, dari hakuna, na hata usiku ukiingia chumba kinaendelea kuchemka. Presha yake ikawa haishuki. Daktari akasema vidonge peke yake havitoshi, joto lile litammaliza. Nilikasirika, utadhani ananilaumu mimi kwa jua.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba usiku paa hutupa joto lake juu angani, kama hakuna wingu, ila si kila paa. Basi jioni moja nikaweka uani vipande vya bati juu ya godoro bovu, joto la ardhi lisivifikie: kimoja kipya kinachong'aa, kimoja nimekipaka rangi ya silva, kingine chokaa. Asubuhi nikavigusa. Kile kipya kikavu, cha silva nacho kikavu. Cha chokaa kilikuwa baridi, kimelowa umande chepechepe. Kumbe bati la kung'aa, hili tunaloringishiana mitaani, ni choyo tu, joto lake halitoi!

Nikachanganya chokaa na gundi ya mbao ili mvua isije ikaiosha, nikapanda kupaka mwenyewe. Wiki ile mama akaomba shuka ajifunike. Shuka, jamani! Nilienda kulia jikoni.

Lakini kwetu chokaa ni ya makaburi. Kila ikikaribia siku ya kuwaombea marehemu, tunapanda Matombo kuyapaka yawe meupe. Wanajumuiya waliokuwa wakija kusali na mama wakaanza kuishia getini, wanauliza hali, wanaondoka. Mmoja akasema, nami nasikia, "Huyu dada kamjengea mama yake kaburi, kamlaza ndani." Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tangu hapo hata getini hawakufika.

Siku moja narudi na dawa kutoka mjini, nakuta paa linameremeta. Kaka yangu yuko juu na kopo la silva. Nikamwita mpumbavu mbele ya majirani, nikamwambia ashuke upesi.

"Usimtukane kaka yako," mama akaita kutoka kitandani, ulimi mzito. "Nimemtuma mimi."

"Mama, joto litakuua!"

"Joto nalijua, mwanangu. Upweke ndio siuwezi."

Wanajumuiya wakarudi na rozari zao, wakajaa chumbani hadi mlangoni. Hazikupita siku nyingi mama akazidiwa, alasiri, jasho linamchuruzika, nao wanaimba wamemzunguka. Nilisimama pale mlangoni nimeuma meno, nataka kuwafukuza wote hewa ipite. Mama akaniona. Akatikisa kichwa kwamba hapana.

Nikawaacha waimbe. Alikata roho kabla hawajamaliza.