Waliokoa Galoni

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila ninaponawa uso, maana mkono ukifika jicho la kushoto unakuta halina habari. Mimi niliishia darasa la nne, lakini siku ile nilisomeshwa na nyuki.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Mizinga yetu ya magogo tuliitundika kwenye pori la upande wa Rungwa, na mkubwa wetu huko alikuwa baba mdogo, Mzee Ntandu. Sheria yake ilikuwa moja: anayekwenda kurina asali asionje pombe tangu jana yake. Nyuki hapendi harufu hiyo. Sisi vijana tulimcheka pembeni. Majina nayataja, na wakinuna wanune: Petro na Rajabu. Wa tatu ni mimi.

Asubuhi hiyo mzee alitangulia kukagua mizinga ya mbali, akatuambia tumngoje kambini. Kumbe tulikuwa tumeficha galoni la mtukuru, ile pombe yetu ya mtama, ndani ya gunia la nguo. Jua lilipopanda, galoni lilikuwa nusu, na sisi tulikuwa mabingwa. Tukaenda nalo mpaka chini ya mti wenye mzinga.

"Kwani nyuki ni mlokole?" Petro akasema. "Asali yenyewe si pombe tu ambayo haijachacha!"

"Panda wewe," Rajabu akaniambia. "Mwanaume kati yetu ni wewe. Sisi tutashika kamba ya ndoo."

Mwanangu, mtu akikuita mwanaume huku ameshika kikombe, angalia anakutuma wapi. Nilipanda, mchana kweupe, na mwenge ambao hata moshi hautoi vizuri. Nikafungua kifuniko cha mzinga, nikapumua. Kupumua tu.

Sijasikia tena kitu kama kile. Mzinga mzima ulinyamaza kwanza, kisha ukanguruma kama mtu mmoja mkubwa ameamshwa. Kabla hata sijaumia, nilishangaa: vidudu vidogo vile vimekubaliana saa ngapi, na mwenyekiti wao nani? Wakaja mdomoni na machoni, kulekule pombe ilikonukia. Nikaanguka.

Nikiwa chini, kwa jicho lililobaki wazi, niliwaona wenzangu wameachia kamba wanakimbia. Petro hakugeuka. Rajabu alikwenda hatua kama tano, akarudi. Nikasema moyoni, huyu ndiye ndugu. Akainama karibu kabisa na kichwa changu, akaokota galoni, akaondoka nalo. Na hakumwaga hata tone! Mtu aliyekuwa anapepesuka amekaa, aliruka visiki na galoni lisilo na kifuniko kama amebeba mtoto mchanga.

Aliyenijia alikuwa Mzee Ntandu, aliyesikia kelele zangu akirudi, akakutana njiani na wale wawili wakikimbia na galoni lao. Hakukimbia. Alikuja anatembea, kifua wazi, mwenge wa magome mkononi. Nyuki walitua mabegani mwake, wakatembea kidogo, wakaondoka. Mimi wananiua, yeye wanampisha. Mpaka leo nikiwaza hilo nywele zinanisimama. Akanivuta hadi kwenye moshi wa kambi, akaanza kunikwangua miiba usoni kwa kisu.

"Baba mdogo, nyuki wameniua."

"Nyuki wamekunusa tu," akasema. "Waliokuua wameondoka na galoni."

Akanipeleka zahanati, lakini jicho la kushoto halikupona. Zahanati nao walikuja kuniona, Petro na Rajabu, wameleta pole na galoni jingine. Wakakaa ubavuni pangu wakalinywa wenyewe, kwa huzuni kubwa. Na mimi, ambaye ni mbaya kuliko wao, nilipopona nilirudi kukaa nao, nikaicheka hadithi hii kuliko wote. Ajabu ya binadamu! Nyuki walinijua kwa pumzi moja; mimi kuwajua wale wawili kulinichukua miaka mitatu zaidi.

Basi nisikilize. Sikwambii usionje, maana ningekuwa mwongo mbele yako. Nakwambia usiingie kwenye kazi yenye kifo ukiwa na pombe mdomoni, na usipande mti kwa sifa za walevi. Unayekunywa naye usimpime anapokumiminia, hapo kila mtu ni mwema. Jiulize, siku ukianguka atainama kuokota nini.

Mungu akutunzie macho yako yote mawili. Nyuki wakunuse, wakupishe. Na siku ukianguka, kwa sababu utaanguka, awepo wa kukuinamia wewe.