Mikaratusi Juu ya Chemchemi

Kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu nimewafundisha watoto wa watu kwamba ustaarabu ulianza pale binadamu alipojua kuyaongoza maji. Nilichora ubaoni Mto Naili, nikachora mifereji, nikachora shadufu na mwenye kuivuta. Wanafunzi walinakili, nami nilijipangusa chaki kwa maringo utadhani ni mimi niliyeichimba hiyo mifereji. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu tunateka maji wapi.

Kwetu ni Navakholo. Chini ya shamba letu, miwa inapoishia na ardhi inapoanza kulowa, palikuwa na chemchemi iliyojengewa na fundi wa mawe wa kijijini kabla sijazaliwa. Mama anasema mzee huyo alikuja kiangazi kizima kutazama tu, akichomeka vijiti kila alipoona unyevu, ndipo akaweka jiwe la kwanza. Nyuma ya ukuta alijaza mawe, juu ya mawe kokoto, juu ya kokoto udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kwa miguu, kisha akapanda nyasi. Mbele akatoa bomba moja. Mashine yote ilikuwa hiyo. Haikuwa na swichi, kwa hiyo hakuna mkubwa aliyepata nafasi ya kuja kuiwasha, na maji yalitoka mchana na usiku.

Kazi ya kuitunza ilikuwa ya kina mama. Kila Jumamosi walifyeka nyasi na kuzibua mtaro, na yeyote aliyekuja na sufuria yenye masizi alirudishwa nyumbani akaisugue kwanza. Mama alikuwa mkali kuliko wenzake wote. Mimi, kifungua mimba wake, alinirudisha mara mbili mbele ya watu.

Halafu ukaja wazimu wa nguzo. Stima ilikuwa inasambazwa vijijini, na tukaambiwa kila mkaratusi utakaosimama wima utakuwa nguzo. Kuanzia Malava hadi kwetu, kila mwenye kipande cha ardhi akapanda. Mimi, msomi wa ukoo, ningebakije nyuma? Nilitoka mjini Kakamega na miche ndani ya gari, nikachagua mahali ambapo udongo haukauki. Kwa nini miti ihangaike kule juu na huku chini kuna unyevu wa bure? Hayo ndiyo yalikuwa mawazo ya mtu mwenye shahada. Safu ya mwisho niliipanda hatua kumi hivi kutoka kwenye ukuta wa yule mzee.

Mama huzungumza nami Kiluhya. Nikimuudhi huhamia Kiswahili, utadhani anasema na karani wa ofisini. Siku hiyo alisimama na jembe lake, akatazama mashimo yangu, akahamia Kiswahili.

"Mwalimu, hii miti inakunywanga maji."

"Mama, kila mti hunywa maji."

"Ingine inakunywanga na kikombe. Hii inakunywanga na ndoo."

Nikamhutubia. Nilimweleza habari za stima na viwanda, na jinsi nchi za wenzetu zilivyosonga mbele kwa sababu ya watu walioacha kuogopa mambo mapya. Mwanamke aliyeteka maji pale tangu aolewe alisimama juani akimsikiliza mwanawe akimfundisha maji. Kila nikiikumbuka hotuba ile naona aibu hadi masikio yanawaka. Nilipomaliza alisema, "Haya. Shamba ni ya baba yako, na baba yako ako kwa kaburi. Panda."

Mwaka wa tano maji yalianza kupungua. Wa saba, ungeweza kutega mtungi, ukarudi nyumbani, ukasonga obusuma, ukala, ukapumzika, na ukirudi ukute haujajaa. Baadaye bomba likawa linatoa matone, kisha mchwa wakahamia ndani yake. Nguzo zangu zenyewe zilikuwa bado nyembamba.

Ndipo wakaja waungwana wa mradi. Walichimba kisima kirefu kwa mashine karibu na soko, wakainua tangi juu ya mnara wa vyuma, wakaweka paneli za sola na bomba linalofunguka kwa kadi. Siku ya uzinduzi palikuwa na mahema, viti vilivyovikwa vitambaa, utepe, na bamba la jiwe lenye majina ya watu ambao hawajawahi kubeba mtungi. Mhandisi alivaa kofia ngumu ya manjano, ingawa juu yake hapakuwa na cha kumwangukia ila mbingu. Tuliambiwa tumeingia katika zama mpya. Kutoa shukrani kuliachiwa nani? Mimi. Nilisema hata Warumi wa kale na mifereji yao wangetuonea wivu, na watu wakapiga makofi.

Warumi wangetuonea wivu kuanzia tulipopanda mahindi hadi tulipovuna. Baada ya hapo pampu ilinyamaza. Kifaa cha kuiendesha kilidai nambari ya siri, na nambari hiyo ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja aliyekuwa amehamishiwa kaunti nyingine. Palikuwa na kamati, bila shaka. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, naibu wake, mweka hazina na muhuri. Spana haikuwa nayo. Walikutana, wakaandika barua, wakapiga muhuri, wakanywa chai. Barua ya tatu niliwaandikia mimi, kwa Kiingereza kizuri sana.

Mama akawa anateka maji ng'ambo ya bonde, kwenye chemchemi ya watu wengine, akisubiri wenyewe wamalize kwanza. Siku ambazo barabara haikuwa tope, mtu wa bodaboda alimletea mitungi miwili. Siku za tope alijiendea mwenyewe. Asubuhi moja aliteleza na mtungi kichwani, akaanguka kwa nyonga. Daktari alisema mfupa haujavunjika, ila mlima na mtungi sasa basi. Ndugu zangu wakaamua palepale kwamba mama aletwe kwangu mjini.

Mama alikataa. Alikuwa na kuku wake, mihogo yake, na kaburi la mume wake nyuma ya nyumba. "Mimi sina shida na kukaa hapa," alisema. "Shida ni maji. Leteni maji." Nikawaomba ndugu zangu wanipe hadi mwisho wa mvua za masika. Ikiwa chemchemi haitarudi, nitamchukua.

Nilileta msumeno wa injini, nikaiangusha mikaratusi yote. Visiki vikachipua ndani ya wiki chache, nikarudi kila Jumamosi kuvikwanyua, mgongo ukiniuma, na mama akitazama kutoka kwenye kigoda chake kule juu. "Kile cha kona kimeota tena, mwalimu," angesema. Mvua zikaja. Na maji yakarudi, kweli yalirudi! Nilipiga kelele peke yangu kule chini. Lakini mizizi ilikuwa imeupasua ukuta, na maji yakapita chini yake, yakatapakaa kati ya visiki, yakawa dimbwi la tope la kupendeza bata.

Nikajaribu kujenga. Hapo ndipo nilipogundua kwamba najua majina ya wafalme walioamuru mifereji ichimbwe, ila sijui udongo hushindiliwaje nyuma ya ukuta. Yule fundi alikwisha kufa. Nilimpigia mhandisi wa kofia ya manjano, akaniambia chemchemi ni teknolojia iliyopitwa na wakati. Mara mbili nilijenga, mara mbili maji yakausukuma ukuta wangu ukalala chali. Aliyebaki anajua ni mama, ambaye enzi hizo, akiwa bibi harusi, aliubeba udongo ule kichwani na kuukanyaga pamoja na wenzake. Aliniambia nimshushe akanionyeshe. Ndugu zangu wakasema hapana, akianguka tena nani atajibu? Nami, niliyekuwa jasiri sana nilipomhutubia kuhusu maendeleo, sikuwa na ubavu wa kuwapinga.

Tulimleta Kakamega siku ya Jumapili baada ya ibada. Kuku tuliwagawia majirani. Njia nzima hakusema neno, kwa Kiluhya wala kwa Kiswahili.

Alipofika alivua kitambaa, akaomba kikombe, akaenda mwenyewe jikoni, akachechemea hadi kwenye sinki. Nilimsikia akifungua bomba. Likakohoa, likatema hewa, likakohoa tena, likanyamaza. Wiki hiyo maji ya mtaani kwetu yalikuwa hayajaja tangu Jumatano. Mama, kikombe kikiwa bado chini ya bomba, aligeuka akanitazama nikiwa mlangoni.

"Mwalimu," alisema, kwa Kiswahili. "Kumbe hata hapa ulipanda?"