Kituo Namba Nne

Ukitaka kumwona Mama Vipimo akikunja pua, mtajie Mkurugenzi wake. Maabara nzima ilimwita mzee yule Bwana Uendelevu, maana neno hilo halikumtoka mdomoni hata akiagiza chai. Alikuwa amehudhuria mikutano kumi na saba ya kimataifa ya mazingira, na kadi zake zote za shingoni alizitundika nyuma ya mlango wa ofisi. Mto wenyewe aliujua kwa picha.

Mama Vipimo aliujua kwa magoti. Miaka ishirini na mbili aliingia majini na mabuti, akajaza chupa, akarudi kuzipima katika chumba chenye jokofu linalovuja na dirisha lisilofunga. Wenzake aliosoma nao sayansi ya mazingira walishahamia kwenye viti vya kuzunguka, naye aliwadharau wote. "Debe tupu," angesema, na hakuimalizia methali, kwa kuwa hawakustahili methali nzima.

Siku moja wafadhili walikuja kuutazama mto. Kituo namba nne cha kupimia kilikuwa chini ya daraja, hatua chache baada ya bomba la kiwanda cha ngozi, na njia yake ilikuwa tope tupu. Bwana Uendelevu akatazama viatu vyake vipya, akatazama tope, akaamuru kituo kihamishiwe juu, kwenye nyasi kavu, kabla ya bomba. Kwa ajili ya viatu! Mwezi uliofuata vipimo vikawa vya kupendeza, naye akaandika ripoti kwamba sera yake imeuponya mto. Pengine aliamini. Mjinga akidanganya huanza na nafsi yake.

Ripoti ilihitaji sahihi ya mpimaji.

"Mkurugenzi, hapa tumepima maji ambayo hayajafika kiwandani," Mama Vipimo alimwambia.

"Dada yangu, kituo si ni namba nne? Namba imebadilika?" Akamsogezea kalamu. "Halafu safari hii ujumbe wetu wa mkutano wa ng'ambo una nafasi moja. Nimefikiria jina lako."

Mama Vipimo alimdharau kuliko siku zote. Lakini hakuwa amepanda ndege hata mara moja, na ilibaki miaka mitatu astaafu. Akajiambia kwamba karatasi zile husomwa na wasinziaji wa vikaoni, si na watu wenye ndoo. Mke wa kaka yake aliishi karibu na daraja, na wifi huyo alishakatazwa zamani kuyagusa maji yale. Alichota kwenye bomba la mtaa, juu ya kilima. Basi akatia sahihi.

Huko ng'ambo alikaa siku tano katika ukumbi wa baridi, akiwasikiliza watu wazima wakibishania nukta. Bwana Uendelevu aliposoma ripoti, ukumbi ulipiga makofi. Mama Vipimo hakupiga, akajiona shujaa.

Aliporudi alimpelekea wifi yake zawadi ya kitambaa.

"Karibu, wifi! Mbona umekonda, huko hawali?" Wifi akacheka, akamletea glasi ya maji.

"Umeyachota wapi?"

"Si ni hapo darajani! Kile kilima kilishaniua magoti."

"Nani kakwambia mto umepona? Yule Mkurugenzi wangu, redioni?"

"Yule? Nani anamsikiliza yule! Nilikuwa nishanyoosha mkono nizime redio. Ndipo wakakutaja wewe, kwamba ndiye uliyepima. Mtaa mzima ulishuka na ndoo siku hiyohiyo. Leo wiki ya pili."

Maji glasini yalikuwa meupe pe, na huko uani watoto walikuwa wakigombea kata mtungini. Mama Vipimo aliona aibu ambayo Bwana Uendelevu hakuwa na akili ya kuiona.

"Yamwageni," alisema. "Sikuyapima. Nilitia sahihi uongo."

Wifi aliendelea kutabasamu, akisubiri amwambie ni utani, maana kila mtu mtaani alijua kwamba Mama Vipimo si mtu wa hivyo.