Uzi wa Nne na Mpiga Drams Wetu

Siku ya kwanza kuripoti kazini nilivaa shati la mikono mirefu, nikidhani bendi ni ofisi kama ofisi nyingine. Nilitoka kwetu Kasingirima, hapa Kigoma, kwa miguu mpaka kwenye ukumbi wa Mwanga, nikawakuta wanamuziki wanakula mihogo na samaki wa ziwani, migebuka, wa kukaanga. Kiongozi wa Bendi, ambaye pia ndiye aliyepiga gitaa la solo, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Unapiga nini, kijana?"

"Shikamoo, Mzee. Napiga rithimu."

"Marahaba. Rithimu tunaye. Wewe ni mrefu, utalimudu lile kule."

Akanionesha gitaa la besi lililoegemezwa ukutani. Kwa msiojua, besi ina nyuzi nne tu, nene kuliko za magitaa mengine. Uzi wa nne ndio mzito kupita zote. Ukiupiga bila kuubana kwa kidole, tunasema umeuacha wazi, na hapo hutoa sauti ya chini kabisa. Spika yetu ilikuwa ndani ya sanduku la mninga alilolichonga fundi wa Ujiji, na koni yake ilishapasuka ikabandikwa gundi. Nilipouacha wazi uzi wa nne, sauti haikulia, ilidunda. Mwanaidi, mwimbaji wetu kutoka mtaa wa Buzebazeba, alishika kifua.

"We! Imenipiga hapa," akasema, kisha akacheka.

Kiongozi hakucheka. "Hiyo ndiyo kazi yako. Watu wasikusikie. Siku usipokuwepo, wakukose."

Nilifanya kazi hiyo hadi mvi zikaniota. Tulipiga dansi mjini mwishoni mwa wiki, na siku nyingine tulipakia vyombo kwenye boti kwenda harusi za vijiji vya kando ya ziwa. Mwamgongo tulipiga mchangani, jenereta likiwa ndani ya mtumbwi ili kelele zake zisituharibie. Wavuvi walipenda besi kuliko kitu chochote. Waliisogelea spika na kuiegemea kwa migongo, wakifumba macho. Mwanaidi alikuwa akilalamika kwamba inameza sauti yake, na kila safari Kiongozi alipunguza besi, nami nikaiongeza akigeuka.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Nisiieleze sana; walioishi Kigoma wanaijua, na waliokuwa bado hawajazaliwa wamesimuliwa. Maboti yalikuja yamejaa watu kutoka upande wa Burundi, baadaye na kutoka Kongo. Mpiga drams wetu alikuwa amehamia Tabora kwa mkewe, na Kiongozi akamchukua Mrundi mmoja aliyekuwa na kibali cha kukaa mjini. Jina lake Nepo. Kwao alikuwa akipiga hotelini. Alikuwa mpole, mwembamba, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mwepesi kuliko wa mpiga drams yeyote niliyepata kufanya naye kazi.

Mazoezi ya kwanza yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye chemko, yaani ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo mwendo unaongezeka na watu wanacheza. Hapo ndipo mimi huuacha wazi uzi wa nne. Nikaupiga. Drams zikakatika. Nepo alikuwa ameinuka kwenye kiti, vijiti mkononi, anatazama mlangoni.

"Samahani," akasema. "Turudie."

Tukarudia, ikawa vilevile. Siku ya pili hivyohivyo. Kiongozi akaweka gitaa lake chini.

"Mpiga drams anayeogopa besi ni sawa na mvuvi anayeogopa maji. Jumamosi tuna dansi. Mkishindwa, nitatafuta mwingine."

Sote tulijua kwamba bila kazi kibali kisingekuwa na maana, na Nepo angerudishwa kambini. Nilikaa naye nje, tukaegemea ukuta wa ukumbi.

"Ni nini, bwana mdogo?"

"Mzinga wa vita, kaka. Kule kwetu mzinga ulianza tumboni, masikio yakafuata. Gitaa lako linakuja vilevile. Nikijua linakuja, si neno. Shida linanikuta sijajiandaa."

"Basi nikuambie kabla."

"Utaniambiaje tukiwa tunapiga?"

Tukakubaliana nitainamisha kichwa kila nitakapokaribia kuuacha wazi uzi wa nne. Tulifanya mazoezi wawili tu, yeye akinitazama shingoni kama mtu anayevizia kuku. Mwanzoni alichelewa. Baadaye kijiti chake kikawa kinatua pamoja na kidole changu. Jumamosi ilipofika tulipiga dansi lote bila kukatika. Mwanaidi alishuka jukwaani akifuta jasho.

"Leo mmenifanyia nini? Besi na drams zilikuwa mtu mmoja. Hata sikulazimika kupiga kelele."

Kiongozi alisema tu, "Sawa." Kutoka kwake, hilo lilikuwa neno kubwa.

Tulifanya kazi hivyo kwa muda, mpaka likatoka agizo kwamba wakimbizi wote waliokuwa mjini warudi kambini. Kibali cha Nepo kikafutwa. Aliondoka na vijiti vyake kwenye mfuko wa plastiki, nasi tukapata kijana mwingine wa kupiga drams.

Mwaka uliofuata tulialikwa kupiga kambini, mchana, kwenye sherehe ya watoto. Nepo alikuwa akitungoja, amekonda zaidi. Kiongozi alimpa kiti cha drams bila kuombwa. Kisha akanivuta pembeni.

"Uzi wa nne usiuguse leo. Hapa kuna umati, na wote wametoka alikotoka huyu. Wakianza kukimbia, tutawazuia kwa kitu gani?"

Nilikubaliana naye kabisa. Tulipiga nyimbo za mwanzo nikikaa kwenye nyuzi za juu. Watu walisimama wakatutazama kwa adabu, wakapiga makofi kidogo. Hakuna aliyecheza. Mbele alikuwapo bibi mmoja aliyejifunga kanga kiunoni, tayari kabisa, lakini miguu yake haikusogea. Mwishowe akapaza sauti:

"Ingoma iri he?"

Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo nilimwelewa. Anauliza ngoma iko wapi.

Nilimgeukia Nepo. Alikuwa anacheka, mara ya kwanza siku ile.

"Kaka, hawa walikulia kwenye ngoma kabla ya kuujua mzinga. Piga."

"Na wewe je?"

"Leo usinitazame mimi. Watazame wao."

Nilimtazama Kiongozi. Akaanza chemko mwenyewe kwa solo. Sikuinamisha kichwa. Niliuacha wazi uzi wa nne, na pembeni niliona mabega ya Nepo yakiruka. Lakini kijiti kilitua mahali pake. Mtoto mmoja alilia, mama yake akambeba. Bibi yule alirusha mikono juu, akakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, na nyuma yake uwanja mzima ukaingia. Vumbi lilipanda mpaka Mwanaidi akaimba amefunika mdomo kwa mtandio.

Amani iliporudi kwao, Nepo alirudi. Wafanyabiashara wa mawese waliniletea habari kwamba anapiga ngoma kanisani na ana watoto. Hatujaonana tena.

Mimi nilistaafu vidole vilipoanza kukataa kubana nyuzi. Bendi za siku hizi zina spika kubwa kuliko kabati, na besi yake hutikisa vioo vya maduka. Sina ugomvi nazo. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza huniuliza besi nzuri inatakiwa kulia vipi. Huwaambia wasiniulize mimi. Wamuulize aliyekaa karibu nao wanapoipiga; huyo ndiye inayemfikia mwilini.